Ua wa Minyaa Juu ya Genge

Wajukuu zangu, na ninyi wengine mliosomea kupima ardhi kwa mashine inayozungumza na satelaiti, kaeni chini kwanza. Juzi nimewasikia mkicheka nilipowaambia kwamba sisi tulipima genge la ziwa kwa kamba na kwa miguu. Chekeni tu. Mimi nilishacheka zamani, nikaacha asubuhi moja nikiwa juu ya genge hilohilo na utomvu wa mnyaa jichoni. Tangu siku hiyo, nikiona ua wa minyaa popote, hata hapa Shinyanga mjini, nausogelea niushike shina kwanza ndipo nipite. Mke wangu anasema nina wazimu. Huenda anasema kweli.

Kazi yangu ilikuwa kukisia. Ofisi yetu ilitumwa ijibu swali moja: ziwa likipanda tena, magenge ya upande huu wa Geita yatakuwa yameliwa mpaka wapi? Nani ahame, nani abaki, shule ijengwe wapi, kisima kichimbwe wapi. Swali la kitoto kabisa ukilisikia. Lakini kulijibu, loo!

Na aliyetumwa kulijibu ni mtu wa Mhunze! Kwetu Mhunze maji ni kitu cha kufukua mchangani, kwenye mto mkavu, unakinga kwa kibuyu huku ng'ombe wanakusukuma mgongoni. Siku ya kwanza kuliona ziwa nilimuuliza dereva wetu, "Ng'ambo yake iko wapi?" Akanitazama akasema, "Ng'ambo ipo, ila leo haijaja." Nikaamini mpaka jioni.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Severini, Msumbwa wa Ushirombo, mtu mfupi, kofia ya kaki, rozari kwenye mfuko wa shati. Neno lake lilikuwa "Kuuliza si ujinga." Alilisema asubuhi, akalisema mchana, na dereva akiuliza chakula kiko tayari alimwambia hilohilo. Siku yangu ya kwanza alinipeleka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, akaagiza ugali mkubwa kwa mama mmoja mpishi. Nimenyoosha mkono, akanipiga vidole.

"Usile juu. Chimba chini, upande wako."

Nikachimba. Nikachimba tena. Ghafla kipande kikubwa cha juu kikaporomoka juu ya samaki, mchuzi ukaniruka shati zima. Wavuvi wakacheka mpaka wakashikana.

"Umeliona genge?" akaniuliza Bwana Severini. "Wimbi halili juu. Linakula miguu. Ziwa likiwa chini, wimbi linafia mchangani, genge linapumzika. Ziwa likipanda, wimbi linafika miguuni. Juu watu wanapiga soga, majani ni mabichi, mbuzi wanakula, kumbe wamekaa hewani. Sasa kula."

Yeye alikuwa ameona. Zile mvua za mwanzoni mwa Uhuru, ziwa lilipopanda na wala halikuona haja ya kurudi, aliona miti mizima imesimama majini, majani bado mabichi, na ndege wake juu. Alisema kilichomtisha si maji. Kilichomtisha ni jinsi watu walivyozoea upesi.

Mambo mengine aliyonifundisha nawapa bure. Usisimame ukingoni, lala kifudifudi, utoe kichwa peke yake. Tazama majani nyuma yako: penye mstari wa majani ya njano katikati ya mabichi, chini pana ufa, na wewe uko upande usiotakiwa. Tazama na ng'ombe. Ng'ombe hakanyagi penye utupu, anazunguka, hata umpige. Na kamba ya katani msiiamini wakati wa mvua. Mimi niliiamini. Kamba ikilowa hujikunja, nami nikapima genge moja nikaleta habari kwamba limeongezeka, limesogea kuelekea ziwani. Bwana Severini akanishika mkono kwa heshima zote. "Hongera, Shija. Umezaa genge." Kwa mwezi mzima ofisini waliniita Baba Genge.

Baadaye tukapewa mnyororo, kisha futi ya chuma, kisha darubini ya miguu mitatu ambayo kila mtoto wa kijiji alitaka kuichungulia. Lakini kifaa si tatizo. Tatizo ni wapi unaanzia kupima.

Kwa kawaida unachimbia kigingi cha chuma mbali na ukingo, unapima kutoka kigingini mpaka ukingoni. Mwaka unaofuata unarudi, unapima tena. Nafasi ikipungua, genge limeliwa. Basi! Lakini sisi tukirudi, kigingi hakipo, limebaki shimo. Tukachimbia kingine. Nacho hakipo. Bwana Severini alilaumu watoto, akalaumu fisi, akafikia hata kulaumu mchwa, mchwa kula chuma!

Halafu tukaenda Rwamgasa kwa shughuli nyingine ya maji. Kijana mmoja alikuwa amekaa kwenye mdomo wa duara, shimo lake la kuchimbia dhahabu, anapasua mwamba kwa nyundo na moko, hilo tindo lao. Bwana Severini akainama. Kichwani mwa moko pamechongwa alama ya ofisi yetu.

"Kijana, chuma hiki umekipata wapi?"

"Nimenunua, mzee. Kizuri hiki, hakipindi. Ukikitaka nikukutanishe na mwenye navyo, anavyo vingi."

Bwana Severini akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika goti langu. "Serikali inachimba dhahabu Rwamgasa, Shija, na haina habari!"

Ndipo alipopata wazo lake la ua. Kwenye genge la kijiji kimoja, jina silitaji kwa sababu wenyewe wapo na midomo wanayo, kaya zilikuwa zimezungushiwa minyaa. Mnyaa mnaujua. Mbuzi haugusi, mchwa haugusi, na hakuna mwizi wa kuuiba, kwa nini aibe wakati kila mtu anao? Unakata tawi, unachomeka ardhini, limeota. Akasema tupime kutoka ua wa kaya ya ukingoni mpaka kwenye ukingo wa genge. Kaya yenyewe ilikuwa ya Mama Minza. Mimi nilikuwa bado mgeni kazini wakati huo; miaka ikapita, utaratibu ukawa sheria.

Na ajabu ya Mungu, genge lile halikuliwa! Kila mwaka namba ileile. Huku na huku magenge yanamegeka, watu wanahamisha vihenge vya nafaka, lakini kwa Mama Minza pametulia tuli. Bwana Severini akaliita Genge la Petro, kwa maana ya mwamba. Wageni wakija ofisini aliwaonyesha Genge la Petro kwenye ramani kama mtu anayeonyesha picha ya mwanawe padri.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo habari ilipo.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Mama Minza alikuwa mjane mwenye ng'ombe na shamba zuri la pamba, mrefu, sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya bonde. Minza mwenyewe hakuwapo. Alikuwa mwanawe wa kwanza, na alifia ndani ya mtumbwi, akivushwa ghuba kwenda kujifungua kwenye zahanati ya upande wa pili. Upepo uliwakataza kufika. Mtoto alipona, wakamwita Kabula, na bibi akabaki na wimbo mmoja tu kila akikutana na kiongozi yeyote: zahanati ijengwe hapa. "Kabula anakua," alisema. "Kabula ataolewa. Kabula hapandi mtumbwi ule."

Wilayani wakakubali. Zilikuwapo bati na saruji za zahanati moja, na vijiji viwili vinaitaka. Kijiji cha Mama Minza kiliwahi, watu wakafyatua matofali na kuyachoma kwa kuni zao. Mahali palipochaguliwa ni juu ya genge, ndani kidogo ya ua wa Mama Minza: pana upepo mzuri kwa wagonjwa, na boti ya dawa itatia nanga chini yake. Kilichobaki ni neno letu. Je, genge litakaa?

Bwana Severini hakuhitaji hata kukuna kichwa. Unachukua mwendo wa genge wa miaka iliyopita, unauliza maji yatapanda kiasi gani miaka ijayo, unazidisha. "Genge la Petro lina mwendo wa sifuri," aliniambia. "Sifuri ukiizidisha kwa ziwa zima inabaki sifuri." Tukaenda kupima mara ya mwisho, tutie sahihi, tule kuku.

Tulipofika, kamba za msingi zilishavutwa. Mimi nashika kichwa cha futi uani, Bwana Severini yuko ukingoni kifudifudi. Tawi la mnyaa likanizuia. Nikalikata kwa panga, kijinga, uso juu. Utomvu ukaruka, jichoni pwaa!

Mama yangu! Mnaojua mnajua. Nilipiga kelele mpaka ng'ombe wakageuka. Mama Minza akaja mbio na kibuyu cha maziwa, akanikamata kichwa akakiinamisha, akawa ananimwagia jicho huku ananigombeza kwa Kisukuma kama mtoto wake. Sasa nimeinamishwa hivyo, jicho moja limefungwa, jicho jingine liko wapi? Liko kwenye mashina ya ua, karibu kabisa. Na mashina yale yalikuwa membamba kama kidole gumba.

Kwetu Mhunze babu yangu aliacha ua wa minyaa. Shina lake ni paja la mtu. Huu tunaupima miaka yote hii, na shina ni kidole?

"Mama," nikasema, maziwa yananitiririka kidevuni, "ua huu mliupanda lini?"

"Huu? Mwaka juzi, baada ya kuvuna pamba."

"Na uliokuwapo kabla yake?"

"Ule tuliung'oa."

"Kwa nini?"

"Njia, ng'wanawane, mwanangu. Njia ya ng'ombe."

Nikamwita Bwana Severini. Akaja anajikung'uta vumbi la tumbo, anatabasamu. "Namba ileile!" akasema. Nikamwambia, "Mzee, msikilize mama."

Mama Minza akaeleza, tena taratibu, kama unavyomweleza mgeni asiyejua hata choo kiko wapi. Juu ya genge pana njia ya ng'ombe wa kijiji kizima kwenda kunywa maji mwaloni. Sheria ya wazee ni kwamba njia hiyo isipungue: ng'ombe wawili wapishane, na mchungaji apate pa kusimama. Ambaye ua wake unaibana njia anatozwa mbuzi. "Ziwa likila, njia inakuwa nyembamba. Njia ikiwa nyembamba, mwenye ua anarudi nyuma. Si mimi tu, wote. Tunakata matawi, tunachomeka nyuma, basi."

Bwana Severini alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limesahauliwa pale usoni. "Kila mwaka?"

"Yaya, si kila mwaka. Njia ikidai. Na ninyi mkikaribia kuja." Akacheka. "Si mnapima njia? Tulifurahi sana, tukasema serikali nayo sasa inailinda njia ya ng'ombe. Mwaka mmoja niliusogeza ua haraka haraka, mlikuwa mmeshafika kwa balozi wa nyumba kumi. Niliogopa mtanitoza mbuzi."

Vijana, mimi nimeona mengi. Nimeona kiboko akijikuna mgongo kwenye mti wetu wa kupimia maji mpaka ukalala. Lakini mshtuko kama ule sijaupata tena. Namba ileile! Bila shaka namba ileile! Tulikuwa tunapima upana wa ng'ombe wawili na mchungaji!

"Mama," Bwana Severini akauliza, "ua wa kwanza kabisa, ulipokuja hapa kuolewa, ulikuwa wapi?"

Mama Minza akatutangulia mpaka ukingoni, akanyoosha mkono. Mimi nikatazama kushoto kwenye genge, nikatazama kulia. Mkono wake haukuwa unaonyesha genge. Ulikuwa unaonyesha ziwa.

"Mnaiona ile mitumbwi? Mbele yake. Pale yule mwenye kofia anapotupa wavu. Hapo ndipo nilipoingia bibi harusi, ua ukiwa mpya. Nyumba ilikuwa huku kidogo. Zizi ni hapo kwenye povu."

Zizi. Mimi ni Msukuma, najua mwenye kaya huzikwa wapi. Sikutaka kuuliza, mdomo ukauliza wenyewe.

"Na Baba Minza, mama?"

"Tulimzika zizini," akasema. "Alikwenda na maji miaka ile ya mvua kubwa." Akalisema hilo kwa sauti ileile aliyotumia kueleza njia ya ng'ombe.

Bwana Severini alisema "Yesu na Maria" akakaa chini, palepale njiani, juu ya samadi mbichi, wala hakujua. Nilisimama na jicho langu moja natazama yule mvuvi akivuta wavu wake juu ya sebule ya watu. Nyuma yetu kamba za msingi wa zahanati zilikuwa zimevutwa safi, zinang'aa juani.

Hatukula kuku.

Siku zilizofuata Bwana Severini hakupima genge. Alipima kumbukumbu. Alizunguka kaya zote za ukingoni anauliza, "Ua wa kwanza ulikuwa wapi? Na wa pili? Uliung'oa mtoto wako yupi akiwa mgongoni?" Wanawake ndio waliojua, kwa sababu wao ndio waliochomeka matawi. Wakaonyesha ziwani, mimi nikapanda mtumbwi, mtu wa Mhunze asiyejua kuogelea, nikashikilia fito juu ya nyua za watu huku yeye ananichungulia na darubini kutoka nchi kavu. Alikuwa hasemi tena "Kuuliza si ujinga." Nilipomtania alale kifudifudi kama zamani, alinijibu kwamba amelala kutosha.

Kisha ukaitishwa mkutano wa kijiji, na lori la bati na saruji lilikuwa limeshafika na bwana maendeleo wa wilaya. Bwana Severini akasimama mbele ya watu wote. Akasema: "Tumekosea. Genge hili linatembea kuliko yote. Zahanati ikijengwa hapa itaingia ziwani."

Mlio uliotoka pale! "Miaka yote mnapima, leo ndiyo mnajua?" "Mmehongwa na kijiji cha pili!" Bwana maendeleo naye akakunja uso, na sikumlaumu, alikuwa na lori la kuazima. "Mimi nina siku ya leo tu," akasema. "Kama hakuna mahali, lori linakwenda kwa wenzenu."

Aliyesimama kwa hasira kuliko wote ni Mama Minza. Akaja mpaka puani pa Bwana Severini. "Nilikupa maziwa ya kumwosha huyu mtoto wako jicho! Nilikuonyesha kila kitu! Kumbe ulikuwa unanichimba ili uninyang'anye nyumba ya Kabula?"

Bwana Severini akavua kofia. "Mama, Baba Minza amezikwa wapi?"

Watu wote waligeuka wakatazama maji. Nadhani kila mtu alikuwa anajua ya kwake, ua wake, kaburi lake, hakuna aliyewahi kuyaweka pamoja. Mwenyekiti wa kijiji alivua kofia naye. Mama Minza akauliza, polepole, "Na maji yatafika wapi?"

Bwana Severini hakujibu kwa mdomo. Akachukua fimbo, akageuza mgongo ziwani, akaanza kutembea. Akaipita njia ya ng'ombe, watu wakamfuata. Akaupita ua. Akazipita kamba za msingi. Akaipita nyumba ya Mama Minza, na hapo niliwasikia watu wakianza kunong'ona. Akakipita kihenge, akaupita uwanja wa kuanikia pamba, anatembea tu, hatazami nyuma. Akaipita nyumba ya balozi. Mzee mmoja akalia kwa sauti, "Simama basi, baba! Inatosha, simama!" Hakusimama. Kina mama walikuwa wameshika vichwa. Alikuja kusimama kwenye mteremko wa shamba la juu la pamba, akachomeka fimbo.

"Ziwa likipanda tena kama nilivyoliona likipanda, litafika hapa. Si kesho. Wajukuu wa Kabula ndio watakaoliona kutoka hapa. Jengeni juu ya fimbo hii."

"Shamba ni la nani?" bwana maendeleo akauliza.

"Langu," akasema Mama Minza. Lilikuwa shamba lake bora, pamba imefika kiunoni. Alilitazama kidogo. "Ng'oeni. Leteni lori kabla ya mchana, huyu bwana ana haraka."

Lori likapanda. Jioni ile Bwana Severini alikata matawi ya mnyaa kwa mkono wake, akayachomeka safu nzima pale alipoweka fimbo. Akawaambia wazee: "Huu ndio mpaka. Huu hauhamishwi, njia ibanwe isibanwe. Atakayeusogeza atozwe fahali." Wazee wakaitikia. Nyumba za ukingoni nazo zikahama kidogo kidogo, bila ugomvi.

Bwana Severini alifariki kabla sijastaafu, tukamzika Ushirombo. Wiki zangu za mwisho kazini, mwishoni mwa miaka ya themanini, niliomba gari nikaenda kijijini peke yangu. Ziwa lilikuwa limepanda tena katikati ya miaka hiyo, na mvua zilikuwa nyingi. Nilijua genge limeliwa, lakini nilikuwa na imani na ile fimbo.

Zahanati ilikuwapo, bati zimeshika kutu kidogo, milango imepakwa buluu. Nesi amekunja mikono ya gauni anapiga ukuta chokaa. Kwenye benchi la nje amekaa Mama Minza, amekuwa mdogo, meno yamekwenda, na pembeni yake binti mrefu ananyonyesha mtoto mchanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani? Ah, jicho!" Akacheka. "Huyu ndiye Kabula. Amejifungulia humu ndani, usiku mvua inanyesha, na hakuna aliyegusa mtumbwi."

Machozi yalinilenga, nawaambia ukweli. Nikageuka nisionekane, ndipo nikauona ua. Minyaa ya Bwana Severini, ileile, imesimama! Nikaukimbilia nikashika mashina. Mapaja ya watu, wajukuu zangu! Mazee, yenye magamba, hayajaguswa. Nikacheka peke yangu.

Halafu ng'ombe wakapita nyuma yangu. Wawili wawili, na mchungaji. Walikuwa wanapita kati ya ua na ukuta wa zahanati.

Nilifunika macho kwa mkono, nikapenya matawi. Mguu wangu wa mbele haukupata pa kukanyaga. Nilishika shina kwa mikono miwili. Upande wa pili wa ua hapakuwa na shamba, wala uwanja, wala kitu. Mizizi ya mnyaa ilikuwa inaning'inia hewani, na chini yake ni ziwa, linakula.

Nilirudi kwenye benchi. Mtoto wa Kabula alikuwa amelala. Wajukuu wa Kabula tuliowasema, hata wazazi wao walikuwa hawajaota meno.

"Hatukuuhamisha, baba," akasema Mama Minza. "Mlituagiza, tukatii. Ng'ombe ndio tumewahamisha." Akanitazama, anangoja, kama alivyongoja siku ile ya mkutano. "Sasa sema wewe. Tuuhamishe?"

Nilitoa futi ya chuma mfukoni, nikaweka kichwa chake ukutani, kwenye chokaa mbichi, nikapima mpaka kwenye mashina. Nikapima tena. Nesi alikuwa ameacha kazi ananitazama, brashi inadondosha.

"Mama," nikasema, "mwambie nesi asipake tena. Chokaa iliyobaki aitunze. Ataihitaji kule juu."